Machungwa ya Juu ya Jabali

Jirani yangu anajenga. Tangu asubuhi vijana wanapasua mawe ya msingi kwa nyundo, na kila jiwe likikubali kupasuka linatoa ile harufu. Sijui kama mnaijua. Si harufu ya vumbi. Ni kama njiti ya kiberiti iliyozimwa ndani ya pango. Mume wangu anasema jiwe halina harufu, nimezeeka kabla ya siku zangu. Wanangu nao huniita bibi, kwa sababu nikianza kusimulia hata ugali unaganda. Sawa. Lakini mimi jiwe nalijua. Nimewahi kulibandikia shavu.

Shule nilisoma kwa vipande, kwa hiyo nikikosea kupanga maneno mnivumilie. Vipande vyenyewe vilikatikia Uchina. Mama alikuwa anafuata nguo Guangzhou kuleta Mbeya, na safari ile akanichukua wakati wa likizo kwa sababu bibi alikuwa amechoka kulea, akasema abaki na mmoja tu, kaka yangu Tusa. Likizo ikaisha. Mzigo wa mama ukachelewa kiwandani, viza ikaisha nayo, wenzangu darasani wakaendelea kuhesabu bila mimi. Nilikuwa wa umri ule ambao meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajajua yasimame wapi.

Tulikaa Xiaobei, chumba cha juu kabisa, dirisha linatazama dirisha la mwenzako kiasi kwamba unajua amekula nini. Chini ilikuwa mtaa wa Dengfeng: vibanda vya simu, wabadilisha pesa, Waswahili, Wakongo, Wanigeria, kila mtu anamwita mwenzake laoban, hata asiye na kitu ni bosi. Mwanzoni nilipenda sana. Halafu ukaja ule msimu wa ukaguzi. Serikali yao ilikuwa inajiandaa kwa michezo mikubwa, ikataka mji uwe safi, na sisi ambao viza zimepita tulihesabiwa katika uchafu. Polisi walikuwa wanaziba mtaa pande zote mbili na kuuliza pasi. Mtu wa kwanza kuwaona anapiga kelele, "Mvua! Mvua inakuja!" na jua linawaka kichwani. Ungeona watu wazima wanavyokimbia jua.

Mama alikuwa ameshaamua. Mzigo ukipakiwa tu bandarini Huangpu, atakwenda mwenyewe polisi, alipe faini, turudi nyumbani. Lakini akikamatwa kabla, nguo zitaozea kwenye ghala la watu, na mimi sijui ningepelekwa wapi. Hilo alimwambia mwenzake akidhani nimelala. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja tu: mama asikamatwe.

Sasa tatizo la watu wazima ni kwamba hawamwambii mtoto kitu kizima. Kulikuwa na mama mmoja wa Bukoba aliyetupikia ugali chumbani kwake. Siku moja tulikwenda kula tukakuta mlango wazi, sufuria jikoni, na ndala zake chini ya meza zimekaa pamoja vizuri kama zinamsubiri. Nikauliza yuko wapi. Mama akasema, "Amekwenda." Amekwenda wapi bila ndala? "Amekwenda tu. Twende." Baada ya hapo wakaenda wengi. Fulani amekwenda, fulani amekwenda, na sauti inashuka wakisema. Mimi nikawa nawaza kuna mahali fulani wote wamejaa, wako peku.

Aliyetuonyesha jabali alikuwa Kaka Elibariki, kijana wa Marangu. Alikuja Guangzhou kwa masomo. Masomo yakaisha, yeye hakuisha. Kabla ya hapo alikuwa mgumu, ndivyo wanavyowaita wabeba mizigo ya watalii Kilimanjaro, na miguu yake ilikuwa na vidole vinavyoachana kama vya bata. Alisema kule nyuma ya ziwa lililo karibu na mtaa wetu kuna vilima vinavyoegemea mlima Baiyun. Upande wa mbele una njia na walinzi na geti, lakini upande wa nyuma ni mwamba mtupu, hakuna polisi atakayepanda na viatu vile. Tukipanda asubuhi na kushuka jioni, mvua itapita chini yetu.

Tukawa wanne. Elibariki, mama, mimi, na Mzee Nyanda wa Mwanza, muuza simu mwenye tumbo, mtu wa kanisa sana, sauti kama spika ya mkutano.

Siku ya kwanza Mzee Nyanda alilitazama lile jabali, akavua kofia. "Kijana, kwetu Mwanza mawe tunayo mpaka chumbani. Yanapandwa na pimbi na wavuta bangi. Mimi ni yupi?"

"Wewe ni mzigo, Mzee," Elibariki akasema. "Na mzigo nimeshazoea."

Mama alicheka mpaka akashika mwamba. Halafu akakiinamia kitenge chake, akapitisha upindo katikati ya miguu, akakaza kiunoni. Kamba tulikuwa nazo za marobota, zile za plastiki za kufungia nguo ghalani. Elibariki alizisokota tatu tatu zikawa ngumu. Tukavua viatu. Jiwe lilikuwa la chengachenga, linakwaruza kama msasa, na baridi yake haikuwa ya hewa. Ilikuwa imetoka ndani. "Vitatu vishike, kimoja kitafute," alitufundisha. "Mikono miwili na mguu mmoja vikishika, mguu wa pili ndiyo utafute. Usishike mche hata uwe mzuri vipi. Mche unakuja na wewe." Mimi nilikuwa mwepesi, nilipanda kama nimeitwa. Kidole kinaingia kwenye ufa, shavu linalala kwenye mwamba, na pale ndipo harufu ilipo, kwenye shavu. Katikati kulikuwa na kibaraza cha kupumzikia, kinachotosha watu wawili wenye adabu. Toka hapo mpaka juu ni msukumo mmoja wa mwisho, mbavu zinahema.

Juu tulikuta kiti.

Niseme hivyo hivyo tulivyokiona. Kilikuwa cha saruji kuukuu, nusu duara, kina mikono miwili inayokumbatia kama kochi kubwa, kimeegemea kilima. Katikati ya mgongo wake palikuwa na bamba la jiwe limesimama wima, kimo changu, lina maandishi yaliyoliwa na mvua. Mbele yake kibao bapa kama meza. Majani yamekiotea kote. Mzee Nyanda akajitupa pale akisema Wachina wana akili, wameweka benchi la wapanda mlima, na upepo haulipati. Akafungua Biblia. Wakawa wanasali pale, maombi ya mlimani kama ya nyumbani, kila mtu na macho yake yamefumbwa na sauti yake. Tulikula chapati za mama. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka mjini, unameza majengo mpaka yanabaki mapaa, halafu hata mapaa hakuna, na honi zinasikika kutoka mahali ambapo hapaonekani.

Mimi sikuwa nafumba macho. Nilikaa karibu na lile bamba, na nikasikia. To. Kimya kirefu. To. Kama mtu anagonga kwa ukucha kutoka ndani. Leo ningesema ni maji yanadondoka kwenye ufa. Wakati ule niliona kitu kimoja wazi kabisa: huu ni mlango. Mlango mdogo wa jiwe, na watu wote waliokwenda wamekwenda humu.

Sikumwambia mtu. Wao hawakuniambia kitu, mimi niwaambie? Lakini nilichukua nusu ya chapati yangu nikaiweka mbele ya bamba, nikainama nikanong'ona, "Mama yangu usimchukue." Basi.

Siku chache zilipita mtaa ukiwa shwari, hatukupanda. Mvua ya jua iliponyesha tena tukarudi. Mama alikuwa amesahau chupa ya chai siku ile, ameiacha imelala kwenye majani. Tuliikuta imesimamishwa katikati ya kile kibao, imepanguswa. Kando yake vikombe vitatu vidogo sana, kama vya mchezo wa watoto. Na pale nilipoweka chapati, chapati hakuna. Pana machungwa, yamepangwa moja juu ya mengine.

Elibariki akageuka nyuma, akageuka tena. Hapakuwa na mtu, ila ukungu.

Mzee Nyanda ndiye aliyepata jibu. Alipiga magoti na tumbo lake lote. "Eliya!" akapaza. "Eliya alipojificha, kunguru walimletea mkate na nyama! Mama Tusa, unaona? Sisi ni nani mpaka Mungu atuletee matunda?" Machozi yalikuwa yanamtoka kweli, simtanii.

"Kunguru wanaleta na vikombe, Mzee?" mama akauliza.

"Usimpangie Mungu vyombo."

Wakala. Elibariki alikula akiangalia pembeni. Mama alilizungusha chungwa mkononi muda mrefu, halafu njaa ikamshinda, au imani, sijui kipi. Mimi nilikataa. Kwa sababu mimi pekee nilijua ni biashara, nimetoa chapati na huyo wa ndani amejibu. Na sokoni nilikuwa nimeona jinsi inavyokuwa: ukishaonja cha mtu, umeshanunua. Mama alikuwa anatafuna, maji ya chungwa yanamchuruzika kidevuni, nami nikamwona kama mtu anayeondoka polepole mbele yangu. Toka siku ile nililala nimeshika upindo wa gauni lake.

Tulipanda tena na tena. Kila tukienda machungwa yapo, mara moja na keki ndogo nyeupe, na maganda tuliyoacha hayapo. Harufu kama ya ubani ilikuwa imeganda kwenye saruji. Mama alianza kusema, "Jamani, huyu anayeweka haonekani kwa nini?" Mzee Nyanda akamjibu kwa mistari. Mzigo ulikuwa umetoka kiwandani, umefika ghalani, bado kontena tu. Siku zilizobaki zilikuwa za kuvumilia.

Siku yenyewe ukungu ulishuka mpaka ziwani. Tulipanda kama kawaida: Elibariki kwanza na kamba, Mzee Nyanda nyuma yake akilalamika, mama, mwisho mimi, kamba kiunoni. Kutoka kibarazani nilimwona Mzee Nyanda anamalizikia kwenye weupe, kwanza kichwa, halafu tumbo, halafu nyayo. Kawaida akifika juu husema "Ebenezeri!" kwa nguvu. Safari hii hakusema. Nikasubiri. Na ile harufu ya ubani ikashuka juu yetu, mbichi, yenye moshi.

Mama alikuwa amefika karibu na ukingo, vitatu vimeshika, kimoja kinatafuta. Ndipo mkono ukatoka kwenye ukungu.

Haukuwa wa Elibariki. Ulikuwa mwembamba, wa kizee, ukucha wa kidole kidogo umerefuka kuliko nyingine, na vidole vyote vilikuwa vyekundu. Vyekundu vya kulowa. Ulinyooka chini kwa mama ukakaa hapo, kiganja juu, unasubiri.

Mama akainua wake.

Sikupiga kelele. Watu hudhani mtoto akiogopa hulia. Nilifungua fundo la kamba kiunoni mwangu, nikaiachia, nikakaa chini kwenye kibaraza. Mama alihisi kamba imelegea, akatazama chini kupitia kwapani.

"Funga kamba. Panda, mwanangu."

"Sipandi."

"Nimesema panda!"

"Amekuja mwenyewe," nikamwambia. "Yule wa mlango. Na wewe umekula."

Uso wake sitausahau. Alikuwa ananing'inia na vidole vya mkono mmoja, ule mwingine uko hewani, shubiri moja kutoka kwenye vile vidole vyekundu. Juu kuna kujificha, ndivyo alivyojua yeye. Chini kuna mimi, mtoto mkaidi anayetaka kumtia mikononi mwa polisi. Akatukana kwa Kinyakyusa, tusi ambalo bibi alikuwa amelipiga marufuku. Kisha akaurudisha mkono kwenye jiwe akaanza kushuka.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, muulizeni yeyote. Mguu unatafuta usichokiona. Alifika kibarazani, akainua kiganja anichape, na kiganja kikabaki juu, kwa sababu huko ukunguni redio ya polisi ilikoroma.

Viatu. Viatu vingi, vinakuja kutoka upande ule mwingine, upande wa kilima ambao sisi hatukuwahi kuujali. Kumbe kile kiti kilikuwa na njia yake ya kukijia. Tukamsikia Elibariki anasema "Pengyou, pengyou", rafiki, rafiki, kwa sauti ya mtu anayerudi nyuma. Halafu Mzee Nyanda akaanza kusali. Akasali kwa sauti yake yote, kwa Kiswahili, ili Wachina wadhani ni hofu tu.

"Baba! Waliobaki chini uwabakize chini! Wasiinue hata kichwa, Baba! Mama na mwanawe uwafiche, wasitie mguu huku! Ameni! Nasema ameni!"

Mama alinikandamiza kwenye mwamba, mwili wake wote juu yangu, jiwe likaingia kwenye shavu. Nilisikia moyo wake mgongoni mwangu. Polisi mmoja akauliza kitu. Maneno yale niliyajua kwa sababu ya sokoni: kuna wengine bado?

Nikageuza jicho juu. Kichwa kilikuwa kimechungulia ukingoni, mzee wa Kichina, kofia ya kitambaa, mdomo umeingia ndani kwa kukosa meno. Alikuwa anatutazama. Alimtazama mama, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Sikuona huruma, sikuona hasira. Kisha akajibu bila kugeuka.

"Mei you."

Hakuna. Lile neno mama alilichukia kuliko yote Guangzhou, ambalo wauza nguo walimtupia kutwa nzima bila kuinua macho kwenye simu zao. Hakuna saizi, hakuna rangi, hakuna punguzo. Mei you. Kichwa kikaondoka.

Tulikaa mpaka ukungu ukapanda na wakaanza kusikika vyura. Mama akaniambia niketi hapo hapo, akapanda peke yake. Kisha akaniita, na sauti ilikuwa tofauti, nikapanda.

Majani yalikuwa yamefyekwa yote. Maandishi kwenye bamba yalikuwa yamepakwa rangi upya, nyekundu, bado inang'aa, na kikopo na brashi viko chini. Vijiti vya ubani vinaungua. Vikombe vitatu vina chai. Na pembeni, kwenye gazeti, maganda yetu ya machungwa, ya siku zote zile, makavu na mabichi, yamekusanywa yakakunjiwa vizuri kama ushahidi au kama kitu cha thamani. Mpaka leo sijui ni kipi. Sijui ni yeye aliyewaita polisi kwa sababu ya wageni wanaokula juu ya mtu wake, au walikuja tu na njia yao. Sijui ule mkono ulikuja kumvuta mama au kumshikilia. Na chapati yangu, alidhani nani amemwekea mzee wake?

Mama alisimama akashika kichwa. "Ni kaburi," akasema. "Tumekalia kaburi. Tumekula sadaka ya marehemu wa watu tukaita muujiza." Nilimwambia mimi nilijua. Akaniuliza nilijuaje, nikamweleza habari za mlango na wale waliokwenda bila ndala. Hakucheka. Alikifungua kitenge, akapangusa mkono mzima wa kile kiti, pole pole, makombo yote, kama anavyompangusa mtoto mdomo. Lile gazeti la maganda akalichukua, akashuka nalo kifuani.

Ningetaka kuwaambia kwamba alifurahi tuliponusurika. Usiku hakula. Asubuhi alivaa gauni la kanisani, akanivalisha viatu, ufunguo wa ghala akamwachia mwanamke wa Iringa chumba cha jirani. Nikauliza kontena limepakiwa? Akasema bado. Nikauliza tunakwenda wapi.

"Kwa wenzetu."

Mzigo ule alikuja kupata kama nusu yake, na baada ya kufungiwa siku kadhaa na faini tulirudishwa nyumbani pamoja, mimi na yeye, hatukutenganishwa. Elibariki na Mzee Nyanda walipelekwa kwa ndege nyingine, hatukuwaona tena. Hayo niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilijua tu kwamba nimemwokoa mama yangu kwa kukaa chini na kukataa, na kwamba njia hiyo inafanya kazi.

Kwa hiyo tulipofika mbele ya kituo cha polisi, kwenye ngazi, niliuchomoa mkono wangu, nikakaa chini pale kwenye lami. Mama alikuwa ameshapanda ngazi mbili. Akageuka, akanitazama. Nikamsubiri ashuke.

Alivuta pumzi, akashika upindo wa gauni lake lisimkwaze, akaendelea kupanda. Hakugeuka tena. Nikaona kichwa kinaingia, mgongo, kisigino cha kiatu cha kanisani. Ikabidi niinuke nimfuate.